Mzigo Wenye Haki ya Kuvuka

Katikati ya miaka ya 1970, mwendesha baiskeli aliyevuka kutoka Busia ya Kenya kwenda Busia ya Uganda hakuwa na sababu ya kubeba ndizi. Matoke yalijaa ng'ambo. Alibeba sukari, sabuni, chumvi, pengine na blanketi, kwa sababu baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972 viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilidorora, na bidhaa za dukani zikawa adimu hata kwa mwenye fedha mfukoni. Akirudi, alirudi na kahawa. Jalidi ya Julai 1975 iliunguza mibuni ya Brazili, bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kufikia kilele mwaka 1977, ilhali mkulima wa Uganda alilipwa kiduchu na bodi ya serikali yake. Kahawa ikajitafutia njia, kwa lori, kwa mtumbwi, kwa kichwa na kwa baiskeli, ikaibukia Kenya katika masoko kama Chepkube, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Serikali ziliyaita magendo, na kisheria hazikukosea. Lakini ndani ya biashara ile mlikuwa na kanuni ya kufunga mizigo ambayo sijaiona ikielezwa vizuri zaidi katika maandishi yoyote ya safari za baiskeli: beba kile tu ambacho hakipo unakokwenda. Kilo moja ya kitu kinachopatikana ng'ambo ni jasho la bure, na tena imekalia nafasi ya kilo ambayo ingekufaa.

Nalirudia hilo leo kwa sababu safari ndefu za baiskeli zimepata wafuasi huku kwetu. Tangu mwaka 2021 mbio za Migration Gravel Race zimewakusanya waendeshaji wa Afrika Mashariki na wa mbali katika njia za vumbi za Maasai Mara, na vijana wa Nairobi na Kampala ambao zamani wangekata tiketi ya basi sasa wanapanga kutoka Kisumu hadi Jinja kwa pedali, wavukie Busia au Malaba, walale Tororo chini ya ule mwamba unaofika mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Swali lao la kwanza huwa ni vifaa, na jibu wanalopewa huwa ni orodha: hema, jiko la gesi, sufuria ya titani, godoro la kupuliza, kichujio cha maji, chakula kikavu cha siku tatu. Orodha za namna hiyo zimetungwa na watu wanaokwenda Patagonia au Mongolia, ambako siku mbili zinaweza kupita bila kuona paa la nyumba. Huko zina akili. Ukizileta Busia zinakuwa ndizi zinazopelekwa Uganda.

Ushahidi wangu wa kwanza ni baiskeli yenyewe. Watu wa Busia na wa Malaba bado wanavutana kuhusu nani aliyeianza bodaboda, lakini chanzo chake kinajulikana: kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda kulikuwa na kipande cha barabara ambacho gari halikukivuka bila makaratasi, na abiria mwenye mabegi hakutaka kukitembea juani. Mwenye baiskeli akafunga mto juu ya karia, akaita boda, boda, toka mpaka huu hadi ule. Baiskeli yake ilikuwa ile nyeusi ambayo Wakenya wanaiita Black Mamba, iwe Raleigh ya Uingereza, Hero ya India au Phoenix ya China, yenye uzito wa karibu kilo 20 kabla haijabeba kitu. Hesabu spoku za ule muundo wa zamani wa Kiingereza: gurudumu la mbele 32, la nyuma 40. Aliyezigawa hivyo alijua uzito utakaa wapi. Mafundi wa jua kali wakaendeleza pale alipoishia. Wakaongeza miguu ya nondo kwenye karia, wakachomelea vyuma vya kushikilia uma wa mbele, wakafunga tandiko kwa springi nene. Hakuna hata kimoja katika nyongeza hizo kilichotoka katika katalogi. Kila kimoja kiliwekwa baada ya kitu fulani kuvunjika njiani.

Kamba nayo itazame kwa karibu. Wanaobeba mizigo mizito pale mpakani wanaipenda kamba ya mpira kuliko ya katani au nailoni: tyubu kuukuu iliyokatwa utepe mmoja mrefu, upana wa vidole viwili, ikiishia kwa kulabu ya waya au kwa fundo la kujipachika. Sababu yake ni ya kimaumbile kabisa. Gunia la mahindi, ambalo kwa kipimo cha Kenya ni kilo 90, halikai lilivyofungwa. Likitikiswa kilomita tano nafaka hujipanga upya na gunia hunywea. Kamba ya nailoni hubaki na urefu uleule, kwa hiyo mzigo unaanza kucheza ndani yake, na mzigo unaocheza ndio unaoangusha. Mpira uliovutwa hulifuata gunia linaponywea. Fundo la kwanza hupigwa chini kwenye mguu wa karia, karibu na ekseli, mpira ukapanda ubavuni, ukavuka juu, ukashuka upande wa pili, na kila mzunguko ukavutwa hadi uwe mwembamba. Mwisho mfungaji hulishika gunia na kulisukuma. Asiyejua hudhani anapima kama gunia limekaza. Macho yake yako kwenye baiskeli: ikiyumba pamoja na gunia, kazi imekwisha, gunia likiyumba peke yake, anafungua na kuanza upya.

Mahali pa uzito pia pana somo. Abiria wa boda hukaa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Madumu ya lita 20 hupachikwa kwa jozi, moja kila ubavu, na mikungu ya ndizi huning'inia hivyohivyo, kwa sababu uzito ukipita nyuma ya ekseli gurudumu la mbele huwa jepesi na kwenye mwinuko usukani hukosa utii. Sasa tazama lile begi refu la kisasa linaloning'inia chini ya tandiko na kuchomoza nyuma kama mkia, likijazwa vitu vizito hadi likatikisika kila pedali inapokanyagwa. Mfuko wa pembe tatu ndani ya fremu sina ugomvi nao. Ni uvumbuzi mzuri, umeweka uzito katikati na chini. Lile la mkia lilibuniwa kwa ajili ya njia za mlimani ambako karia ya kawaida hukwama kwenye mawe na vichaka. Kwenye lami ya Bugiri au changarawe ya Butula halina sababu ya kuwepo, na karia ya chuma yenye mifuko miwili midogo ubavuni inalishinda kwa kila kipimo ninachokijua isipokuwa sura.

Pingamizi la kwanza naliona linakuja. Bodaboda alikwenda kilomita moja na kurudi, ataniambia mtu. Msafiri wa kilomita mia tano atajifunza nini kwake? Jibu la kwanza ni kwamba si wote waliokwenda kilomita moja. Wachuuzi wa samaki hutoka Port Victoria upande wa Kenya na Majanji upande wa Uganda kuelekea masoko ya bara, na wauza mkaa huanza safari alfajiri wakiwa na mwendo mrefu mbele yao. Jibu la pili lina uzito zaidi. Mzigo wa kilo 90 hufichua kosa ndani ya mita mia moja, wakati mzigo wa kilo 12 hulificha kosa lilelile hadi siku ya tatu, karia inapokatika skrubu mbali na mji. Ndiyo maana elimu ya kubeba kwa baiskeli imekomazwa na wabebaji wazito popote ilipokomaa: wauza ndizi wa Burundi wanaoteremka kwenda Bujumbura, au wale Wavietinamu wa mwaka 1954 waliopeleka shehena Dien Bien Phu kwa baiskeli zilizobeba hadi kilo 200 na zaidi, wakizisukuma kwa miguu huku usukani umerefushwa kwa mti wa mwanzi. Tena katika nchi iliyokaliwa na watu wengi kama hii yetu, kilomita mia tano ni safari fupi nyingi zilizounganishwa kituo kwa kituo. Kutoka Busia hadi Tororo, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni chini kidogo ya kilomita 30, na katikati yake kuna vibanda, shule, makanisa, visima vya pampu na mtu anayekaanga kitu.

Ukishaikubali kanuni, vitu vingi vinajiondoa vyenyewe. Jiko la gesi linabaki nyumbani: upande wa Kenya kuna chapati na maharagwe, upande wa Uganda kuna rolex, chapati iliyokunjiwa mayai, na vile vikopo vidogo vya gesi vikiisha hutavipata Tororo. Hema pia, ingawa najua wapenzi wa hema watanung'unika. Wanasema hema ni uhuru. Katika nchi ambayo kila pembe ya shamba ina mwenyewe, uhuru huo unaanza kwa kuomba ruhusa ya mwenye shamba, ya mwalimu mkuu au ya chifu, na mara nyingi unaishia kwa kupewa chumba. Gesti iko katika kila kituo cha biashara; chukua shuka jepesi, na leso moja ambayo itakuwa taulo, pazia, mto na kitu cha kujifunika adabu ukienda bafuni. Maji, lita mbili zinatosha kati ya kituo na kituo, kwani kila lita ni kilo. Msafiri huyohuyo akielekea kaskazini kwenda Turkana, atazidisha maji mara nne na hema atalirudisha, wala hatakuwa amebadili kanuni. Kilichobadilika ni njia.

Mvua nayo ni sura yake peke yake. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuitaja Tororo kama mahali palipokuwa na wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka katika kipindi cha 1967 hadi 1976, miaka ambayo magendo ya mpaka yalikuwa yamepamba moto. Waliovusha sukari walivusha chini ya anga hilo, na sukari haivumilii tone. Kwa hiyo kinga ya mvua ni kitu ambacho njia haikupi kwa wakati unaohitajika: radi ya saa kumi jioni haikusubiri ufike dukani. Beba koti la mvua, na kila kilicho ndani ya mifuko kiwe kimefungwa mara ya pili. Lakini hapa mpaka unaleta kichekesho chake. Uganda utafungiwa chochote kwa kaveera, mfuko mwepesi wa plastiki, na msafiri anayetoka Tororo huwa amezungushia nguo zake mifuko hiyo mitano au sita. Akifika upande wa Kenya, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa sheria yenye faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne. Magendo ya leo yanaweza kuwa kaveera iliyofunga soksi. Shona mifuko ya turubai, au tumia kipande cha tyubu ya lori kilichokunjwa na kufungwa ncha zote mbili. Kinazuia maji kuliko bidhaa nyingi za bei kubwa.

Hadi hapa kanuni imekuwa ikitoa vitu, na msomaji anaweza kudhani ninahubiri usafiri wa mikono mitupu. Tufike kwenye matairi, ambako inaongeza. Duka la vipuri vya baiskeli mpakani litakuuzia tairi la 28. Baiskeli yako mpya ya changarawe nayo, muuzaji alikuambia, ni ya 28. Usiamini. Tairi la Black Mamba hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635; tairi la baiskeli ya kisasa hukaa kwenye rimu ya milimita 622. Tofauti ni milimita 13, na milimita hizo 13 zinatosha tairi la duka livae rimu yako kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Namba ya kweli imechapwa ubavuni mwa tairi, mfano 40-635, nayo ndiyo ya kusoma, si maneno ya muuzaji. Kwa hiyo mwenye rimu ya 622 abebe tairi moja la akiba la kukunja, hata kama orodha za kigeni zinamwambia ni uzito wa bure. Mwenye baiskeli ya mlimani ya inchi 26 anaweza kuliacha, maana matairi hayo yapo madukani pande zote mbili.

Valvu ni mtego mwingine, mdogo lakini wenye kuudhi zaidi. Tyubu ya 28 ya duka ingeweza kufanya kazi ndani ya tairi lako, kwa kuwa mpira huvutika. Shida ni shingo yake. Valvu ya Black Mamba, ile yenye kipande cha mpira ndani, inataka tundu la kama milimita 8, na rimu nyingi za kisasa zimetobolewa milimita 6 na ushee kwa ajili ya valvu nyembamba. Utashika tyubu mkononi, imelipiwa, na haitaingia. Ama uende na tyubu zako mbili, ama, kama rimu ni pana ya kutosha, umpe fundi aipanue tundu kabla hujatoka nyumbani. Viraka na solusheni usivibebe kwa wingi. Fundi pancha yuko chini ya kila mwembe. Pampu yako, kinyume chake, ibebe kama ni ya valvu nyembamba, kwa kuwa ya kwake huenda isishike. Na yule anayetumia matairi yasiyo na tyubu, yenye maji ya kuziba ndani, akumbuke kwamba maji hayo yakimwagika Bugiri hakuna chupa nyingine mbele yake.

Endelea hivyo na kila kifaa, utaona njia inachora mstari mahali usipotarajia. Mafuta ya breki aina ya DOT yako katika kila duka la vipuri vya pikipiki; breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, na hayo hayapo, kwa hiyo breki za waya ndizo nyepesi kuliko zote kwa maana ya kweli ya neno, kwa kuwa hazikudai ubebe chochote. Karia ya chuma ikikatika, mchomeleaji ataiunga dakika kumi. Ya alumini ataitazama na kutikisa kichwa. Mnyororo mwembamba wa gia kumi na moja hauuzwi, basi chukua kiungo chake cha ziada. Spoku tatu za urefu wako, zifunge kwa utepe wa gundi kwenye mrija wa fremu. Na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadili gia cha nyuma, kipana kama kidole gumba, ambacho kila muundo wa baiskeli una chake na hata Nairobi unaweza kukikosa: hicho ndicho sukari ya mwaka 1975.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na silikwepi. Baiskeli zenyewe zimepungua. Pikipiki ziliingia katika kazi ya boda miaka ya 1990 kwa upande wa Uganda, na Kenya ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo mwaka 2008 zikafurika. Leo abiria wa Busia akiambiwa apande baiskeli anaweza kucheka. Je, mtandao wa mafundi ninaousifu si kumbukumbu tu? Kwa sehemu, ndiyo. Kwenye barabara kuu sasa utapata kwanza fundi wa pikipiki, naye ana kompresa, solusheni, spana za namba zote na mashine ya kuchomelea, ila hana gololi za baiskeli wala tairi. Fundi baiskeli amehamia ndani, kwenye vituo vya vijijini ambako watu bado wanabeba maji, mkaa na mahindi kwa pedali. Mabadiliko hayo yanaibana kanuni bila kuivunja: mzigo wa mwaka 1985 si mzigo wa leo, na anayenakili mzigo wa mwingine, awe Mzungu wa Patagonia au mzee wa Malaba, atabeba majibu ya njia ambayo haipo tena.

Wapo watakaoniambia kwamba nawafanya maskini kuwa walimu wa starehe za wengine. Aliyebeba kilo 90 hakuwa akifanya utalii. Alitafuta karo, akaumia mgongo na magoti, na baadhi walipoteza mali yote kwa askari wa doria kwenye njia za panya. Wapo pia walemavu wa Busia ambao kwa miaka mingi wamevusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, kazi ambayo hakuna aliyeichagua kwa kupenda mandhari. Nakubali yote. Wala simshauri mtu aige uzito wao. Ila kusema elimu ya watu hao haihesabiki kwa sababu ilizaliwa katika dhiki ni kuwanyang'anya mara ya pili. Walijua jinsi uzito unavyokaa juu ya magurudumu mawili kuliko yeyote anayeandika maelezo ya begi, na ujuzi haukosi kuwa ujuzi kwa sababu mwenyewe alikuwa na njaa.

Mpinzani wa mwisho ni yule anayesema, bora kuwa nacho bila kukihitaji kuliko kukihitaji bila kuwa nacho. Hoja hiyo inavutia kwa sababu haina mwisho. Kwa kuifuata utabeba nyumba. Thomas Stevens, aliyeizunguka dunia kwa baiskeli ya gurudumu kubwa kati ya 1884 na 1886, aliondoka San Francisco na soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua lililokuwa hema lake na kitanda chake. Dervla Murphy wa Ireland, aliyekuja kuendesha kutoka Kenya hadi Zimbabwe kupitia Uganda mwaka 1992, alikuwa ameshakwenda India kwa baiskeli mwaka 1963, na matairi ya akiba ya safari ile aliyatanguliza kwa posta yamsubiri njiani. Huyo alielewa. Hakusema tairi si muhimu. Alisema lisikae mgongoni mwangu. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na basi la usiku: rafiki wa Nairobi anaweza kuweka tyubu ofisi ya basi jioni, ukaichukua Busia asubuhi. Palipo na huduma hiyo, nusu ya vitu vya tahadhari vinapoteza haki ya kuvuka. Vinavyobaki ni vile visivyoweza kungoja hata usiku mmoja: dawa zako binafsi za kila siku, miwani ya pili, taa. Dawa ya malaria na kipimo chake viko katika maduka ya dawa ya pande zote. Dawa ya kufukuza mbu ipake kila jioni, maana mbu wa mpakani hawana mchezo.

Karatasi ndizo mzigo mwepesi unaosahaulika. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014, na tangu marais Kenyatta na Museveni walipokifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia tarehe 24 Februari 2018, unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia. Kile kipande cha kati ambacho bodaboda alikipatia riziki kimekwisha kazi kwa msafiri wa kawaida. Weka kitambulisho mahali pakavu, shilingi za nchi zote mbili katika mifuko tofauti, na usishawishike na njia ya panya eti foleni ni ndefu. Usiku wa kuamkia safari, toa vitu vyote nje ya mifuko, vitandaze sakafuni, na uulize kila kimoja kama Tororo kipo. Tairi la 622, chukua. Kipande cha gia, chukua. Sukari iache, siku hizi iko pande zote mbili.